Dawa ndani ya provande: maswali manne ambayo gunia linapaswa kuyajibu

Katika soko la komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, mama mmoja aliinama juu ya gunia la provande, yaani chakula cha mifugo, lililokwisha kufunguliwa, akachota kiganja kimoja, akakinusa, kisha akamwuliza muuzaji: "Papa, hii iko na dawa?" Muuzaji akajibu kwa fahari: "Iko na dawa ya kutosha, mama, kuku yako haitagonjwa." Mama akaanza kufungua kitambaa alichofungia fedha. Nyuma yake palikuwa na mzee aliyekwisha kuchagua gunia kama hilohilo. Aliposikia jibu hilo alilirudisha chini, akasema kwamba yeye hawezi kuwalisha wajukuu wake mayai yenye dawa. Maneno yaleyale yalimfanya mmoja anunue na mwingine aondoke.

Siwalaumu wote wawili, kwa sababu walichoambiwa hakikuwa jibu. Ni dawa gani? Ni kiasi gani katika kila kilo? Ni kwa mnyama wa aina gani na wa umri gani? Na ni siku ngapi zipite baada ya kuikomesha kabla ya mnyama kuchinjwa au yai lake kuliwa? Kanuni za kuchanganya dawa za mifugo katika chakula chao, ziwe za Ulaya, za Marekani au za vyombo vya kimataifa ambavyo Kongo ni mwanachama wake, zinaonekana kuwa msitu wa vifungu, lakini ukizifuata moja baada ya nyingine utaona kwamba zote zinazunguka maswali hayo manne.

Maneno kwanza

Provande ni chakula cha mifugo kilichochanganywa: mahindi, pumba, soya, unga wa samaki, chumvi, chokaa ya kulishia. Premiksi ni mchanganyiko mzito wa vitamini na madini ambao hutiwa kidogo sana katika provande. Hivi ni virutubisho, navyo havihitaji daktari ili vitumike, ingawa navyo vina vipimo vyake. Provande yenye dawa ni kitu kingine: ni provande ambayo ndani yake imetiwa dawa halisi ya mifugo ili kutibu au kuzuia ugonjwa, na sheria za nchi nyingi huihesabu kuwa karibu zaidi na dawa kuliko chakula.

Tofauti yake ni kama ile ya mafuta na kinini jikoni. Mafuta na chumvi hutiwa katika sufuria ya mboga kwa faida ya wote watakaokula. Lakini hakuna mama anayetia kinini katika sufuria ya nyumba nzima kwa sababu mtoto mmoja ana malaria, maana mle ndani kuna bibi kizee, kuna mjamzito, kuna mtoto mchanga, na kila mmoja atachota kwa njaa yake. Provande yenye dawa ni kinini kilichotiwa katika sufuria ya wote. Wakati mwingine jambo hilo linafaa kabisa, kwa kuwa kundi zima linaugua pamoja. Lakini ndiyo sababu haliachiwi liamuliwe na mtu yeyote aliye na gunia na koleo.

Machafuko mengi sokoni yanaanzia katika neno lenyewe, "dawa". Kwa lugha ya kila siku tunaliita hivyo kila kitu kinachofaa kuku: vitamini ni dawa, chanjo ni dawa, antibiotiki ni dawa. Chanjo ya mdondo hutiwa jichoni au katika maji ya kunywa, au hudungwa. Haiji katika gunia la provande. Na mdondo ni ugonjwa wa virusi, ambavyo antibiotiki haiviui hata ikitiwa kilo nzima. Nimeona mara nyingi mno mfugaji akipoteza kuku wake wote kwa mdondo huku akiendelea kuwapa tetrasiklini hadi siku ya mwisho, akiamini kwamba amewapa "dawa".

Zinazotiwa kweli katika chakula ni za aina mbili hasa. Aina ya kwanza ni antibiotiki, zinazopigana na bakteria. Aina ya pili ni dawa za kuzuia koksidia, vimelea vidogo vinavyokula utumbo wa kifaranga na kumfanya ahare damu, hasa majira ya mvua wakati matandiko ya banda yanapokaa na unyevu. Provande nyingi za vifaranga zinazotengenezwa viwandani zinakuja na dawa ya koksidia tayari. Kwa hiyo mama yule, akinunua gunia kama hilo na kulichanganya na poda nyingine ya koksidia aliyouziwa dukani, atakuwa amewapa vifaranga wake dozi mara mbili bila kujua. Kwa baadhi ya dawa hizo, hasa kundi linaloitwa ionofori, umbali kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru ni mfupi sana: kuku hukataa kula, miguu hulegea, kisha hulala ubavu.

Mnyama asiyewekwa kwenye mizani

Mtu akienda hospitali na mtoto mgonjwa, jambo la kwanza ni mizani. Dozi hufuata uzito. Sasa fikiria kuku 500 ndani ya banda moja. Huwezi kumpima kila mmoja, wala huwezi kumfungua kila mmoja mdomo. Chakula ndicho kijiko pekee kinachowafikia wote, na hiyo ndiyo faida ya kutia dawa katika provande. Hasara yake ni kwamba kijiko hicho kinashikwa na hamu ya mnyama mwenyewe.

Kifaranga wa juma moja, mwenye uzito wa karibu gramu 180, hula karibu gramu 35 kwa siku, yaani karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kuku wa nyama wa juma la tano, mwenye kilo 2, hula karibu gramu 170, ambazo hazifikii hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Gunia likiwa moja, na dawa ndani yake ikiwa kiasi kilekile, kifaranga kwa kila gramu ya mwili wake anapata zaidi ya mara mbili ya kile anachopata kuku mkubwa. Ndiyo maana kanuni haziishii kusema "ni ya kuku". Zinataka umri utajwe, na kazi ya kuku itajwe, wa nyama au wa mayai.

Tena mnyama anayeugua sana huacha kula. Anaendelea kunywa kwa muda, lakini chakula hakigusi. Hivyo dawa iliyo katika provande inaliwa zaidi na wale wenye nguvu, waliotangulia kwenye sahani, huku wale wanaoihitaji wamejikunyata pembeni. Daktari wa mifugo anayejua kazi yake, akiona ugonjwa ni wa ghafula, mara nyingi ataamuru dawa ya maji au ya sindano, na gunia la dawa ataliacha.

Kuku wa mayai wana jambo jingine linalonishangaza kila mara ninapoliona likisahauliwa. Provande yao ina chokaa nyingi, kalisi ikifika asilimia 3.5 hadi 4, kwa sababu ganda la yai linatengenezwa kwa hiyo. Lakini kalisi huishika tetrasiklini tumboni na kuizuia isiingie katika damu. Mfugaji anaitia dawa, haoni nafuu, anaongeza. Haoni nafuu, anaongeza tena. Fedha yake inapita katika utumbo wa kuku na kutoka pamoja na kinyesi, na kinyesi hicho kinapelekwa kuwa mbolea katika bustani ya lengalenga.

Koleo, turubai na hesabu

Tuseme dawa imeamriwa kiasi cha gramu 400 za kiini, yaani dawa yenyewe, kwa kila tani ya provande, na poda iliyoko dukani ina kiini asilimia 20 tu. Basi tani moja itahitaji kilo 2 za poda, na gunia la kilo 50 litahitaji gramu 100. Gramu 100 ndani ya kilo 50 ni sehemu moja katika 500. Ukimwaga gramu hizo juu ya rundo lililo kwenye turubai na kuligeuza kwa koleo mara tatu au nne, hujachanganya, umeficha tu. Kuku wa kona moja watapata dozi mara kumi, wa kona nyingine hawatapata kitu.

Njia sahihi ni ya ngazi: poda hiyo huchanganywa kwanza na kilo moja ya provande mpaka rangi iwe moja, kilo hiyo ikachanganywa na kilo 5, ndipo mchanganyiko huo uingie katika gunia zima. Kila mama anayejua kukoroga maziwa ya unga bila mabonge anaijua siri hii tayari. Hata hivyo, sheria za nchi zilizojipanga haziridhiki na ufundi wa mkono. Zinataka kiwanda kipewe kibali, kichanganyio kipimwe kama kweli kinasambaza dawa sawasawa, na mchanganyiko usijitenge njiani, kwa sababu poda laini hushuka chini ya gunia linapotikiswa, na mtu aliyesafiri kwa lori katika barabara mbovu anajua jinsi mzigo unavyotikiswa.

Kanuni nyingine inahusu mabaki ya mashine. Ukipika pilipili katika sufuria, ukaimwaga bila kuiosha, kisha ukapikia humo uji wa mtoto, mtoto atalia. Vivyo hivyo kichanganyio kilichotoka kutengeneza provande yenye dawa hubaki na vumbi la dawa katika pembe zake, na gunia linalofuata, hata likiandikwa "bila dawa", linabeba dawa hiyo. Viwanda hutakiwa kusafisha, au kupitisha kiasi cha mahindi matupu ili yafute mashine, au kupanga zamu ili baada ya provande ya dawa itengenezwe ya mnyama yuleyule.

Jambo hili si la kuogopesha watu bure. Salinomisini, mojawapo ya zile ionofori, humlinda kuku wa nyama dhidi ya koksidia bila shida katika kipimo chake, lakini kipimo hichohicho kinaweza kumwua bata mzinga, na kumwua farasi. Monensini nayo inajulikana kwa kuua farasi kwa kiasi kidogo sana. Nikabazini, inayofaa kuku wa nyama, ikimfikia kuku wa mayai hufanya mayai ya kahawia yapauke na kupunguza idadi ya yanayoanguliwa. Na ionofori kadhaa zikikutana tumboni mwa kuku na antibiotiki iitwayo tiamulini, mbili hizo zinakuwa sumu, ingawa kila moja peke yake ingekuwa salama. Katika lupango za kwetu, yaani nyua za nyumba zetu, ambako kuku, bata mzinga, mbuzi na mbwa wanakula bega kwa bega na kila mmoja huonja sahani ya mwenzake, maandishi yanayosema "kwa kuku wa nyama pekee" yanapaswa kuchukuliwa kama yalivyo.

Sheria hizi zilitoka wapi

Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle walikuwa wakitafuta njia ya bei nafuu ya kuwapatia vifaranga vitamini B12. Waliwalisha mabaki ya uchachushaji uliotengeneza klotetrasiklini, na vifaranga wakakua kwa kasi kuliko vitamini peke yake ingeweza kueleza. Kilichokuwa kikifanya kazi ni antibiotiki iliyobaki katika masalia hayo. Kufikia 1951 serikali ya Marekani ilikuwa imeruhusu antibiotiki katika chakula cha mifugo bila ordonansi, yaani bila cheti cha dawa kilichoandikwa na daktari, na desturi hiyo ikaenea duniani: dozi ndogo, kila siku, kwa wanyama wasio wagonjwa, ili wakue haraka.

Madhara ya dozi ndogo hayakuchelewa kutambuliwa. Anayelima mahindi ataelewa upesi. Ukipalilia shamba kwa kukata magugu dhaifu tu na kuyaacha sugu yaendelee kutoa mbegu, msimu ujao shamba lako litakuwa la magugu sugu matupu. Antibiotiki kidogo ndani ya utumbo wa kuku hufanya kazi hiyohiyo: huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wale wanaoihimili. Tena bakteria wana hila ambayo magugu hayana, kwa kuwa wanaweza kupeana kinga hiyo wao kwa wao, hata kati ya aina tofauti. Kisha wanatoka bandani kwa njia ya nyama, mikono, maji na samadi.

Mwaka 1969 kamati iliyoongozwa na Michael Swann nchini Uingereza ilishauri kwamba antibiotiki zinazotibu watu zisitumiwe kukuzia wanyama. Sweden ikawa nchi ya kwanza kupiga marufuku dawa zote za kukuzia, mwaka 1986. Denmark ilisimamisha avoparsini mwaka 1995, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1997, kwa sababu dawa hiyo ya wanyama ni ndugu wa karibu wa vankomisini, ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindwa na dawa nyingine. Bakteria waliozoea moja walikuwa wameizoea na ya pili. Kuanzia tarehe 1 Januari 2006 Ulaya haikubali antibiotiki yoyote ya kukuzia katika chakula cha mifugo. Marekani ilifika hapo kwa antibiotiki zenye umuhimu kwa tiba ya watu tarehe 1 Januari 2017. China, iliyotangaza mwishoni mwa 2015 kugunduliwa kwa jeni inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini na kuwarukia wengine kwa urahisi, iliiondoa kolistini katika ukuzaji mwaka 2017, na mwaka 2020 ikaondoa antibiotiki nyingine za kukuzia.

Nayarefusha haya kwa sababu wengi hapa wanaamini kwamba kanuni hizi zilitungwa ili kuwazuia wafugaji wadogo wa Afrika wasiuze. Historia inaonyesha kwamba waliojifunga kwanza ni wale waliotumia dawa kwa wingi kwanza, na walijifunga baada ya kuona hospitali zao zikianza kushindwa. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria sugu. Si wote wanaotokana na mifugo, maana matumizi mabaya ya dawa kwa watu yana sehemu yake kubwa. Lakini dawa inayotumika bandani na inayotumika hospitalini mara nyingi ni ileile.

Leo sheria ya Ulaya namba 2019/4, iliyoanza kutumika tarehe 28 Januari 2022, inataka provande yenye dawa itolewe kwa ordonansi ya daktari wa mifugo aliyekwisha kuchunguza kundi. Ordonansi ya antibiotiki hufa baada ya siku 5, tiba yenyewe, ikiwa maelezo ya dawa hayataji muda wake, haizidi majuma mawili, na ni marufuku kuitia antibiotiki katika provande kwa wanyama wasio wagonjwa kwa kusudi la kujikinga tu. Marekani nayo inataka hati ya daktari inayotaja mfugaji, mahali wanyama walipo, aina yao na idadi yao ya kukadiria, dawa, kiwango chake katika chakula, muda wa kulisha na siku za kungoja. Hati hiyo haiwezi kupita miezi 6, na daktari, kiwanda na mfugaji kila mmoja huhifadhi nakala kwa miaka 2. Daktari mwenyewe haruhusiwi kubuni: dawa iliyoidhinishwa kwa ugonjwa fulani na kiwango fulani katika chakula hutumika hivyo hivyo au haitumiki.

Na sisi? Kongo ni mwanachama wa Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoanzishwa na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo) na OMS (Shirika la Afya Duniani) mwaka 1963, na pia wa OMSA, Shirika la Dunia la Afya ya Wanyama. Huduma ya mifugo iko chini ya wizara inayohusika na uvuvi na ufugaji, OCC, ofisi ya ukaguzi ya Kongo, hukagua ubora wa bidhaa zinazoingia, na katika mipaka kama ule wa Kasumbalesa kuna huduma ya karantini ya wanyama na mimea. Tuna pia, hapahapa mjini, Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hazina ambayo miji mingi ya nchi hii haina. Pengo linaloniuma liko kati ya mpaka na banda. Magunia mengi ya kutoka Zambia na Afrika Kusini yana lebo kamili zenye majibu ya maswali yote manne, lakini kwa Kiingereza, mbele ya mnunuzi aliyesoma Kifaransa. Kisha muuzaji wa rejareja anafungua gunia, anapima kwa kopo, na lebo inabaki kwake au inatupwa.

Kapsuli kumi za tetrasiklini

Palepale pengo hilo lilipo ndipo zinapoingia kapsuli za watu. Mfugaji ananunua kapsuli za tetrasiklini za miligramu 250, anazifungua moja moja na kuzimwaga katika gunia. Nilimwuliza mmoja wa Katuba anatia ngapi. Akaniambia kumi kwa gunia la kilo 50. Tufanye hesabu. Kumi mara miligramu 250 ni gramu 2.5. Katika kanuni za Marekani, klotetrasiklini ya kudhibiti ugonjwa sugu wa njia ya hewa wa kuku huwa gramu 200 hadi 400 kwa tani yao ya kilo 907, ambayo kwa gunia la kilo 50 ingekuwa sawa na kapsuli 44 hadi 88. Kapsuli kumi zinaangukia katika gramu 10 hadi 50 kwa tani, kiwango kilekile cha zamani cha kukuzia ambacho Marekani imekifuta. Kwa maneno mengine, hazitibu kuku mgonjwa, lakini zinatosha kabisa kuwazoesha bakteria. Wala hesabu hii si ruhusa ya kutia kapsuli 44. Inaonyesha tu kwamba makadirio ya macho yanaweza kuanguka mahali pabaya kuliko pote.

Kuna dawa ambazo hata kwa kipimo sahihi hazina nafasi katika mnyama wa kuliwa. Kloramfenikoli inaweza, kwa watu wachache, kuzima kabisa uwezo wa mifupa wa kutengeneza damu, na haijulikani kiasi kidogo kisichoweza kufanya hivyo. Nitrofurani na metronidazoli nazo zimekatazwa Ulaya kwa wanyama wa chakula tangu miaka ya 1990. Zote tatu zinapatikana katika maduka ya dawa za watu, na hiyo ni sababu tosha ya kutopeleka dawa ya mtu bandani.

Upande wa pili wa uvumi ni ule unaowatisha watu kama mzee aliyerudisha gunia: kwamba kuku anayefika kilo 2 kwa siku 40 lazima amejazwa homoni. Hapana. Homoni za ukuaji ni protini. Ukizitia katika chakula zinameng'enywa kama maharage, na Marekani hairuhusu homoni yoyote katika ufugaji wa kuku. Kasi ya kuku wa nyama inatokana na miongo mingi ya kuchagua wazazi, pamoja na chakula kizuri. Hofu ya mzee kuhusu dawa ilikuwa na msingi. Ila msingi wake ni siku za kungoja.

Siku za kungoja

Dawa haiondoki mwilini siku unapoikomesha. Ini na figo zinaitoa kidogo kidogo, na siku za kungoja ni muda uliopimwa mpaka masalia yashuke chini ya kiwango kinachokubalika. Codex imeweka kiwango cha oksitetrasiklini katika nyama ya kuku, ng'ombe, nguruwe na kondoo kuwa maikrogramu 200 kwa kilo, sawa na gramu moja katika tani 5 za nyama. Katika ini ni 600, katika figo 1,200, katika mayai 400, katika maziwa 100 kwa lita. Tofauti hizo zinaonyesha mahali dawa inapojikusanya na kiasi ambacho watu hula cha kila kiungo.

Wengi husema kwamba moto unamaliza yote. Moto wa kutosha huua bakteria, hata wale sugu, na kwa hilo kuiva vizuri kwa nyama ni kinga ya kweli. Lakini dawa si kiumbe. Baadhi hupungua kwenye moto, nyingine hustahimili, na hakuna mpishi anayeweza kujua ni ipi iliyo sufuriani. Mtu mwenye mzio wa penisilini hasaidiwi na mchuzi uliochemka.

Yai ndilo gumu kuliko yote. Kiini cha yai linalotagwa leo kilianza kujengwa kwa kasi siku kumi hivi zilizopita, tabaka juu ya tabaka, na dawa iliyokuwa katika damu siku yoyote kati ya hizo imefungiwa humo. Kwa hiyo kuku aliyekomeshewa dawa jana ataendelea kutaga mayai yenye masalia, akionekana mzima kabisa, na ndiyo sababu dawa nyingi za provande zimeandikwa kwamba haziruhusiwi kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa.

Yule mfugaji wa Katuba aliyenitajia kapsuli kumi ameziacha. Mwezi uliofuata kuku wake waliugua tena. Safari hii alimleta daktari, akapewa dawa ya maji inayokubalika kwa kuku wa mayai, pamoja na karatasi. Alipoondoka daktari, aliandika kwa makaa juu ya mlango wa banda tarehe ya kutoa dawa mara ya mwisho, na chini yake tarehe ambayo mayai yangeweza kuuzwa. Nilipopita nilimkuta akichimba shimo nyuma ya lupango, karibu naye trei tatu za mayai mazuri ya kahawia. Jirani alimwomba angalau awape nguruwe. Akamwonyesha tarehe ya pili, akaendelea kuchimba.